Kucha za Paka, Lamu na New York

Lamu sijapata kumwona mtu akimkata paka kucha. Paka wa mji ule hulala barazani, huwinda panya, hungoja matumbo wavuvi wanapopaa samaki, na kucha hujinolea wenyewe kwenye boriti za mikoko na magome ya minazi. Ganda kuukuu huambuka, chini yake likatokea jipya lenye ncha. Ukimkata paka wa namna hiyo, umemnyang'anya silaha: mbwa akimkimbiza, atapandaje ukuta?

Hapa New York ninapoishi, paka wengi hawavuki mlango. Kazi ya mti na ukuta inakuwa ya mwenye paka. Kila baada ya wiki mbili tatu nampakata wangu akiwa na usingizi, nambonyeza kidole taratibu mpaka ukucha utokeze, nautazama kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mna sehemu ya waridi, penye damu na mishipa ya fahamu. Nakata ile ncha nyeupe tu, mbali na waridi. Kucha zote ni 18, tano kila mguu wa mbele, nne kila wa nyuma. Akianza kuvuta mguu, namwachia. Zilizobaki ni za kesho. Nimemwekea pia gogo lililozungushiwa kamba ya katani, maana kuparura ni haja yake: ndivyo anavyojinyoosha na kuacha harufu yake.

Lakini Marekani kuna jambo linaloniumiza. Wapo wanaompeleka paka kwa daktari aondolewe kucha kabisa, kochi lisiharibike. Ukucha wa paka umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, kwa hiyo kinachokatwa ni mfupa wenyewe. Wengine hubaki wakichechemea, wengine huanza kung'ata. Uingereza ilipiga marufuku ukatili huo kwa sheria ya 2006, isipokuwa kwa sababu za tiba. New York ilifuata 2019, jimbo la kwanza Marekani, na ilikuwa imechelewa.

Nyumbani nako watu wa Nairobi na Dar es Salaam wanahamia ghorofani na paka wao, na paka wa ghorofa ya nne hana mnazi. Huyo akatwe ncha. Paka mzee naye, hata wa Lamu, haparuri tena kama zamani: ukucha wa kidole gumba, usiogusa ardhi, hujikunja ukamchoma nyama ya wayo. Kama unaye, mwangalie hapo leo. Ukikuta umeshazama, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.