Safari ya Wazee katika Jangwa la Marekani

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za desturi moja iliyo ngeni kwetu. Katika nchi ya Marekani wako wazee wengi, mume na mkewe, ambao wakiisha kustaafu huiacha nyumba yao na kwenda kukaa njiani miezi mingi, ndani ya motokaa iliyofanywa kuwa nyumba. Kwetu mzee aliyemaliza kazi hutazamiwa arudi kwao, akae barazani, awaone wajukuu, na watu wamjie kutaka shauri. Lakini wale hufunga mlango, humwachia jirani ufunguo, wakashika njia. Tusiwacheke upesi, wala tusiwasifu upesi; kwanza tuitazame safari yenyewe.

Nchi wanayoipenda zaidi wakati wa baridi ni pembe ya kusini-magharibi, yaani majimbo ya Arizona, Utah, New Mexico, Nevada, na sehemu ya California. Kaskazini theluji hufunika mashamba na njia, na mifupa ya mzee huumwa kwa baridi. Huku jangwani jua lawaka na anga ni safi. Kwa sababu hiyo wenyeji huwaita wageni hao ndege wa theluji, maana huja na baridi na huondoka joto likianza.

Gari lao lina kitanda, jiko la gesi, meza, choo na mahali pa kuogea. Wengine wana motokaa yenye vyote hivyo ndani yake. Wengine huvuta nyumba ya magurudumu nyuma ya gari. Chini ya sakafu mna matangi matatu: la kwanza la maji safi, la pili la maji yaliyokwisha kuoshea vyombo na mwili, na la tatu la uchafu wa choo. Matangi hayo ndiyo mabwana wa safari. Mtu aliye nyumbani hufungua mfereji bila kuwaza; bali aliye jangwani hujua kila kikombe alichotumia, kwani tangi likikauka hana budi kung'oa kambi, na la uchafu likijaa, hana ruhusa kulimwaga ila mahali palipowekwa. Watu husema kwamba katika mwezi wa kwanza wa safari mume na mke hujuana upya, kwa sababu ya maji tu.

Basi tuifuate njia ambayo mzee na mkewe waweza kuishika tangu baridi hata mwanzo wa joto.

Wengi huanzia Quartzsite, mji mdogo katika magharibi ya Arizona. Kando yake pana uwanda wa serikali uliotengwa kwa wageni wa baridi, ambao huruhusiwa kukaa tangu Septemba 15 hata Aprili 15. Hapo magari hukusanyika kwa maelfu, na mji ulio mdogo wakati wa joto huwa mkubwa ghafula. Jioni watu huwasha moto, huketi vitini, na kuulizana habari za njia. Katika makaburi ya mji huo pana kaburi lenye umbo la piramidi, na juu yake sanamu ya ngamia. Ni la Haji Ali, mtu aliyetoka katika milki ya Waturuki mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani liliwanunua ili wachukue mizigo jangwani. Wamarekani hawakuweza kutamka jina lake, wakamwita Hi Jolly. Kazi ya ngamia ilikoma, lakini yeye alikaa katika nchi hiyo mpaka alipokufa mwaka 1902, na kaburi lake likajengewa mnara mwaka 1935. Hivyo mgeni aliyekuja na wanyama wa kigeni ndiye aliyekuwa ukumbusho wa mji wa wasafiri.

Kutoka hapo wazee wetu huelekea kusini-mashariki mpaka Tucson, penye miti iitwayo saguaro. Ni jamaa ya mpungate, lakini husimama wima kama nguzo na kupita urefu wa meta 12. Hukua polepole mno: mingi haitoi tawi la kwanza ila baada ya miaka 50 au zaidi, nayo huweza kuishi miaka 150 na kupita. Ngozi yake ina mikunjo, na mvua ikinyesha mikunjo hufunguka, mti ukajaza maji tumboni mwake. Watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa nchi hiyo, huangua matunda yake mwanzoni mwa joto kwa upondo mrefu, na upondo wenyewe hutengenezwa kwa mbavu za saguaro iliyokufa.

Kaskazini zaidi wako katika Petrified Forest, yaani msitu uliogeuka mawe. Magogo yamelala chini kana kwamba mpasuaji ameyakata jana, lakini ukiyagusa ni mawe matupu, yenye rangi nyekundu, manjano na zambarau. Miti hiyo ilianguka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, ikafunikwa na matope na majivu ya volkano, na maji yenye madini yakaingia mahali pa kuni kidogo kidogo. Ni marufuku kuchukua hata kipande. Hata hivyo wageni wengine huficha jiwe mfukoni, na baada ya miaka dhamiri huwasumbua, wakalirudisha kwa posta pamoja na barua ya kuomba radhi. Lakini mawe hayo hayawezi kurudishwa mahali pake, kwa kuwa hakuna ajuaye yalitoka wapi. Basi yamerundikwa kando, na watu huliita rundo la dhamiri. Waalimu waweza kuwapa watoto habari hiyo, maana yafundisha kwamba kurudisha ni kwema, na kutokuchukua ni kwema zaidi.

Mwezi wa Aprili njia ya kwenda Grand Canyon ni nzuri. Bonde hilo lina urefu wa kilometa 446, na mahali pengine upana wake wafika kilometa 29, na kina chake chapita meta 1,600. Mto Colorado ndio uliolichimba. Mtu asimamaye ukingoni huuona mto chini kama uzi, wala hausikii. Walinzi huwaonya wageni wasijaribu kushuka mpaka mtoni na kupanda tena kwa siku moja. Kwani kushuka ni rahisi na kwenye ubaridi wa asubuhi, bali kupanda huwa mchana, na bondeni joto la kiangazi huzidi digrii 40. Mzee mwenye akili hushuka hatua chache, hugeuka, na haoni haya.

Kutoka huko huingia nchi ya Wanavajo, ambao hujiita Diné. Mwaka 1864 jeshi liliwafukuza makwao, likawaendesha kwa miguu mamia ya kilometa hata Bosque Redondo katika New Mexico, na wengi walikufa. Mwaka 1868 walifanya mapatano, wakarudi katika nchi yao, jambo ambalo makabila mengi ya Marekani hayakulipata. Leo Monument Valley, penye minara ya mawe mekundu isimamayo peke yake uwandani, ni hifadhi yao wenyewe tangu mwaka 1958, nao ndio watozao ada na kutoa viongozi. Msafiri akiingia hapo wakati wa joto hana budi kuitazama saa yake, maana Wanavajo huisogeza mbele saa moja, lakini Arizona yote nje ya nchi yao haiisogezi.

Hapa tangi la maji lina fundisho lingine. Mgeni huona shida kuhesabu maji miezi michache. Lakini jamaa nyingi za Wanavajo hazina mfereji nyumbani mpaka leo, huteka maji mbali na kuyachukua kwa gari mwaka mzima. Mwaka 2023 mahakama kuu ya Marekani ilihukumu kwamba mapatano ya 1868 hayailazimishi serikali kufanya kazi ya kuwapatia maji hayo. Hivyo mzee ajazaye tangi lake njiani, yafaa akumbuke ni nani asiyeweza kulijaza.

Karibu na mji wa Page pana Antelope Canyon, ufa mwembamba katika mwamba, ambamo nuru ya jua huingia kutoka juu na kuzipaka kuta rangi ya dhahabu. Mwaka 1997, mwezi wa Agosti, watu 11 walikufa humo. Hawakunyeshewa mvua kubwa mahali walipokuwa. Mvua ilianguka mbali, na maji yakaja ghafula katika ufa. Kwa sababu hiyo msafiri wa jangwani hapigi kambi katika korongo kavu, hata likiwa na mchanga laini na kivuli kizuri.

Mbele, katika Utah, wako Bryce Canyon, penye maelfu ya nguzo za mawe zilizochongwa na barafu; maji huingia katika nyufa mchana, huganda usiku, na kuupasua mwamba kidogo kidogo. Halafu wafika Zion, bonde lenye kuta ndefu, ambalo walowezi Wamormoni waliliita kwa jina la Sayuni. Njia ya kuingia kutoka mashariki hupita katika pango lililotobolewa mlimani na kufunguliwa mwaka 1930. Lilipimwa kwa motokaa za siku zile, na nyumba ya magurudumu iliyo kubwa haipiti humo kwa hiari yake. Basi mzee aliyenunua gari kubwa kuliko la jirani hujifunza huko kwamba ukubwa nao una gharama.

Mwisho wa safari ni ziwa la Mead, lililofanywa na boma la Hoover, ambalo lilimalizika mwaka 1935 na lina kimo cha meta 221. Miamba ya kando ina mshipi mweupe, nao ni alama ya mahali maji yalipokuwa zamani. Mwezi wa Julai 2022 ziwa lilishuka kuliko wakati wo wote tangu lilipojazwa. Majimbo saba yaliugawanya mto Colorado kwa mapatano ya mwaka 1922, wakahesabu maji ya miaka ya mvua nyingi, wala wenyeji wa asili hawakuitwa barazani. Sasa watu kama milioni 40 wautegemea mto huo, na hesabu ya karatasini ni kubwa kuliko maji yaliyomo.

Jambo hilo laufanana na umri wa wazee wenyewe. Nguvu zao nazo ni tangi. Wakati mume ashikapo usukani, mke husoma ramani. Lakini siku yaja macho yatakapofifia, au mkono utakapotetemeka, na hospitali iko mbali. Wenye busara hulisema jambo hilo kabla ya kuondoka: mke naye hujifunza kuendesha, watoto huambiwa njia na tarehe, nao wawili hupatana ni dalili gani itakayowarudisha nyumbani. Wasiolisema huja kulisema kando ya barabara, kwa hofu na hasira.

Tena tukumbuke kwamba si wote walioko huko kwa kupenda. Baada ya fedha za nchi kuanguka mwaka 2008, wako wazee waliopoteza nyumba zao, au ambao pensheni yao haitoshi kulipa kodi, na gari ndilo paa lao la mwisho. Katika uwanda wa Quartzsite gari la tajiri na gari la maskini husimama karibu, na vumbi moja huyafunika yote mawili.

Sisi tuliozoea kuwaona wazee barazani, tuseme nini? Wazee hawa wametuonyesha kwamba mume na mke waliolea na kufanya kazi miaka 40 bado wana jambo la kutafuta pamoja. Nasi twaweza kuwaonyesha kwamba mzee hapaswi kuwa peke yake njiani kwa kukosa pa kukaa. Basi, ndugu msomaji, kama wazazi wako wangali na nguvu, waulize ni mahali gani walipotamani kupaona tangu ujana wao. Huenda ni mlima ulio karibu tu, au kijiji walichozaliwa. Wapeleke kabla ya masika yajayo, nawe uchukue maji ya kutosha.