Daftari, Kompyuta na Bao

Duka letu la leso hapa Mombasa tulilirithi ndugu watatu. Kwa miaka mingi kila mmoja wetu aliweka daftari lake, na kila usiku tuliketi hadi saa nne tukiyalinganisha. Wana wetu walilala bila ya kutuona.

Mwaka jana tulimdai mteja deni alilokwisha kulipa. Aibu ile ilituketisha kitako. Mkubwa wetu alitaka programu ya kulipiwa kila mwezi. Mdogo akashikilia daftari. Hatimaye tulichagua LibreOffice Calc, isiyo na ada, katika kompyuta moja ya dukani: jedwali moja lenye safu za bidhaa, mauzo na madeni. Malipo ya M-Pesa huandikwa papo hapo, na afungaye hesabu huikagua pamoja na mwenziwe. Lakini si programu iliyotupatanisha. Ni kule kukubali kukaguana bila ya kununiana.

Siku hizi, kabla ya adhana ya Isha, hesabu imekwisha kufungwa. Tukirudi kusali twatandika mkeka barazani na kutoa bao. Wana wamekwisha kuyazoea mashimo yake 32 na kete zake 64, na juzi binti wa miaka tisa alimfunga ami yake mkubwa. Tulicheka hata jirani akachungulia.

Wazazi wenzetu, kabla ya kununua chombo cha kazi, na tuulizane: kikituokolea saa moja, saa hiyo tutampa nani?