Mzigo wa Mwenzio si Kanda la Usufi

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake twaifahamu: mzigo ulio kichwani pa mwingine huonekana mwepesi, kwa kuwa shingo inayouma si yetu. Methali hii twaitumia sana kwa majirani na wafanyakazi wenzetu. Leo nataka niitumie kwa watu wa nyumba moja, yaani baba, mama na watoto, ambao waweza kula sahani moja miaka mingi pasipo mmoja kuujua uzito aliouchukua mwingine.

Mke wangu alikwenda masomoni nchini Italia, katika mji wa Bologna, ambao chuo kikuu chake kwa mapokeo husemwa kilianzishwa mwaka 1088. Alikaa huko miaka miwili. Katika muda huo mimi na dada yangu tuliwalea watoto watatu hapa Dar es Salaam. Kifunguamimba ni binti, sasa ana miaka 14. Wa kati ni mvulana wa miaka 10. Hawa wawili walimkumbuka mama yao vema. Lakini kitindamimba aliachwa akiwa na miaka 4, na alipotimiza 6 mama yake alikuwa kwake sura ndogo katika kioo cha simu na sauti iliyokatikakatika.

Masomo yalipomalizika mwezi wa sita, tukaenda wote kumchukua. Mtoto yule mdogo alimwamkia mama yake kwa adabu kabisa, "Shikamoo," kisha akajificha nyuma ya miguu yangu. Usiku ule aliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, yule mama naye atarudi na sisi?" Mke wangu hakuwa amelala. Alilisikia neno lile, "yule mama."

Tungaliweza kurudi nyumbani kesho yake. Lakini nyumbani ziko kazi, shule, wageni na foleni za magari. Watu watano wanaokutana jioni wakiwa wamechoka hawafahamiani upesi. Mke wangu alikuwa amedunduliza sehemu ya posho yake ya masomo, nami nilikuwa nimechukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo kazini. Tukakubaliana kukaa majuma mawili zaidi na kuishuka Italia kwa treni kutoka Bologna hadi Sicilia, kila mtu na shanta lake mgongoni. Sikuandiki haya, msomaji, ili kujigamba kwa safari ya Ulaya. Nayaandika kwa ajili ya yale yaliyotokea baina yetu katika mabehewa yale.

Kanuni tuliyojiwekea ilikuwa moja: hakuna mizigo ya kukokota wala ya kuchukuliana. Shanta la mtoto mdogo lilikuwa na nguo mbili, kandambili na chupa ya maji, lakini lilikuwa lake. Langu lilijaa sufuria, sukari na unga, kwa sababu tulilala katika nyumba za wageni zenye jiko la pamoja na kujipikia wenyewe.

Italia ina treni za mwendo kasi, zinazofikia kilomita 300 kwa saa, ambazo hutoka Firenze hadi Roma kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Ziko pia treni za mikoa, ambazo husimama katika miji midogo, na safari hiyohiyo huchukua zaidi ya saa tatu. Nauli ya hizi za mikoa ni nafuu zaidi, haipandi hata ukinunua tiketi dakika ya mwisho, na mtoto ambaye hajatimiza miaka 12 hulipa nusu. Hizi ndizo treni za mfanyakazi, nasi ndizo tulizopanda kwa sehemu kubwa ya njia. Tiketi ya karatasi hapana budi igongwe muhuri katika mashine ndogo iliyopo stesheni kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo, mkaguzi akimkuta humtoza faini. Kazi ya kugonga tiketi zote tano alipewa mtoto wetu wa kati, na mtumishi wa reli mwenye kofia asingaliifanya kwa makini zaidi.

Kazi nyingine zote za njiani zilikuwa za mke wangu, kwani ndiye pekee aliyejua Kitaliano. Yeye ndiye aliyesoma ubao wa safari, aliyeuliza njia na aliyepatana bei ya vyumba. Mimi, niliyezoea kutangulia mbele kila tuendapo, niligeuka bubu wa kuongozwa. Niliona macho ya watoto yakihama polepole kutoka kwangu kwenda kwake. Kwao alikuwa ameacha kuwa mgeni aliyerudi, akawa mtu anayejua njia.

Kabla ya kuondoka Bologna alitupeleka katika chumba cha kungojea cha daraja la pili palepale stesheni. Tarehe 2 Agosti, 1980, siku ya Jumamosi, bomu lililotegwa humo liliua watu 85 na kujeruhi zaidi ya 200. Mahakama za Italia ziliwatia hatiani wafuasi wa siasa kali za kifashisti. Ukutani pameachwa ufa, na majina ya marehemu yameandikwa katika jiwe pamoja na umri wa kila mmoja. Nje iko saa ya ukutani ambayo mishale yake imesimamishwa katika dakika ya mlipuko, saa nne na dakika 25 asubuhi. Binti yetu aliisoma ile orodha hadi alipofika kwa mtoto wa miaka 3. Waliokufa pale walikuwa watu kama sisi, familia za daraja la pili zenye mizigo na vyakula vya njiani.

Tukavuka milima ya Apennini kupitia pango la reli lenye urefu wa zaidi ya kilomita 18, lililofunguliwa mwaka 1934, tukapumzika Firenze siku mbili, kisha tukafika Roma. Juu ya Roma nitasema machache, kwa maana sifa zake zimeandikwa na wengi. Nitasema tu kwamba mji ule una mabomba ya maji ya kunywa mitaani yapatayo 2,500, yanayotiririka mchana na usiku bila malipo. Wenyeji huyaita kwa jina lenye maana ya pua kubwa, kwa umbo la mdomo wa bomba. Ukiziba mdomo huo kwa kidole, maji huruka juu kupitia tundu dogo nawe ukanywa pasipo kuinama. Watoto walikunywa maji siku zile kuliko walivyokunywa maishani mwao.

Siku tuliyotaka kuondoka Roma, wafanyakazi wa reli waligoma. Haki ya kugoma imo katika katiba ya Italia ya mwaka 1948, na sheria ya mwaka 1990 inawalinda pia wananchi wanaohitaji huduma. Kwa hiyo mgomo hutangazwa mapema, na katika siku za kazi treni kadhaa za mikoa huhakikishwa kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena saa 12 hadi saa 3 usiku, ili watu waende kazini na shuleni na kurejea. Hakuna tuliyemsikia akitukana. Sisi tulikuwa na mchana mzima wa kungoja treni ya jioni, tukaketi kivulini karibu na magofu ya hamamu za Mfalme Diocletian, ambazo ndizo zilizoipa stesheni ya Termini jina lake.

Hapo ndipo mtoto wa kati, kwa kuchoka kukaa, alipotoa shauri kwamba tubadilishane mashanta. Binti yetu akalichukua la mama yake, akainuka nalo, akayumba. Lilikuwa limejaa vitabu na madaftari ya miaka miwili, yaliyoandikwa kwa lugha aliyoanza kujifunza akiwa mtu mzima. Akamtazama mama yake asiseme kitu. Mke wangu naye akalichukua la binti. Likamshangaza kwa uzito wake, akalifungua. Ndani, pamoja na nguo za binti, mlikuwa na sweta la kitindamimba, dawa yake ya kifua, shuka lake la kulalia na kitabu chake cha hadithi.

Mama akauliza, "Mbona umebeba vya mdogo wako? Hatukukubaliana kila mtu na vyake?"

Binti akajibu, "Mimi ndiye ninayebeba vyake siku zote, Mama."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu atajaye saa. Lakini mimi, niliyeishi naye nyumba moja miaka yote miwili, niliona mke wangu akiinama na kuyahamisha yale matatu, sweta, dawa na shuka, moja baada ya jingine, kuyatia katika shanta lake. Vitabu vyake vizito akanipa mimi. Kile kitabu cha hadithi binti alikizuia. Alisema hicho yeye ataendelea kukisoma. Mzigo wa kila mmoja ulijulikana mchana ule, nao ukagawanywa upya.

Kutoka Napoli tulipanda treni ndogo inayopita chini ya mlima Vesuvio, tukaenda Pompei, mji uliofukiwa na majivu ya mlima huo mwaka 79 baada ya Kristo. Miili ya waliokufa ilioza na kuacha nafasi tupu ndani ya majivu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli alianza kumimina uji wa jasi katika nafasi hizo, na hivyo maumbo yao yakapatikana. Mke wangu alituhadithia juu ya maumbo ya mtu mzima na mtoto aliyempakata, yaliyopatikana katika nyumba iitwayo ya Bangili ya Dhahabu. Kwa miaka mingi watu walisema ni mama na mwanawe. Mwaka 2024 wataalamu waliopima vinasaba walieleza kwamba mtu mzima yule alikuwa mwanamume, wala hakuwa na udugu wa damu na mtoto huyo.

Kitindamimba akauliza, "Sasa kwa nini alimshika?"

"Huenda kwa sababu mtoto aliogopa," akajibu mama yake.

Treni ya masafa marefu ya kwenda Sicilia ilitukutanisha na mzee mmoja wa miaka ipatayo 80. Alitukatia mkate na jibini, nasi tukampa maandazi ya mke wangu. Alieleza kwamba alikuwa kijana wa miaka 19 alipopanda treni kuelekea kaskazini, miongoni mwa maelfu ya watu wa kusini waliokwenda kutafuta kazi katika viwanda vya Torino na Milano katika miaka ya 1950 na 1960. Aliunda magari hadi alipostaafu. Fedha, alisema, aliwapelekea wanawe kila mwezi. Uso wake aliwapelekea mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Agosti. Sasa wanawe ni watu wazima, humheshimu sana, lakini hawana la kuzungumza naye. Mke wangu alikuwa akitufasiria maneno yake. Alipofika hapo sauti yake ikazama, akatazama dirishani kwa muda kabla ya kuendelea.

Huko Villa San Giovanni reli hukutana na bahari. Treni haiachwi: mabehewa hukatwa mafungu mafungu, yakasukumwa ndani ya tumbo la meli, na meli ikavuka mlangobahari wa Messina, ambao pembamba pake ni kilomita 3 hivi. Behewa letu lilipoingia melini, mwanga wa jua ulikatika ghafla, vyuma vikagongana kwa kishindo, sakafu ikatikisika. Kitindamimba alikuwa ameketi kati yetu. Mkono wake ulinipita mimi ukaenda upande wa pili. "Mama," alisema, "nishike."

Mama yake akampakata. Mimi na binti yetu tukatazamana, tukanyamaza. Tulipopanda juu kuitazama bahari, mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake, na shanta la mama nililichukua mimi.

Ndugu msomaji, mkopo ule ningali naulipa, na utakatwa katika mshahara wangu hadi mwakani. Siwezi kukushauri ukope kwa ajili ya Italia. Ninachokushauri hakihitaji Italia. Iko treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tangu mwaka 2024; liko basi la kwenda kwa bibi; ziko hata barabara za kwenda kwa miguu. Wachukue watu wa nyumbani mwako, kila mmoja na vyake mgongoni, uende nao pasipo haraka. Mwache atangulie yule ambaye hajazoea kutangulia. Mahali mtakapopumzika, ombeni kubadilishana mizigo, kisha ninyi wenye nyumba nyamazeni, muwasikilize watoto wakiwaeleza kilichomo.