Usiuuze Mswada Wako

Tanga

Mpwa wangu mpenzi,

Mkaza mjomba wako anauliza lini utakuja.

Mswada wako umefika na nimeusoma kwa mkupuo mmoja. Hilo latosha kuwa jibu la swali ulilouliza mwishoni mwa barua yako, kama unaweza kazi hii. Unaweza. Yule binti mpiga mbizi umemuumba vizuri. Anapoogopa nami naogopa, na nilipofika pale anapokatiwa kamba chini ya maji nilisahau chai mezani.

Sasa nianze na la pesa, maana hilo halingoji. Unasema mchapishaji amekuahidi malipo ya mara moja, umkabidhi hakimiliki yote, na kwamba ukipiga hesabu ya kodi ya chumba unaona ni neema. Nakuomba usitie sahihi.

Mwaka 1885 Mwingereza mmoja, H. Rider Haggard, alikuwa mahali ulipo wewe. Alikuwa ametumika serikalini Afrika Kusini akiwa kijana, akarudi kwao, akasomea sheria, na vitabu alivyokwisha kuandika havikumlipa cha maana. Ndugu yake akamwambia hawezi kuandika hadithi yenye hata nusu ya uzuri wa Treasure Island ya Stevenson. Wakawekeana dau la shilingi tano. Akaandika jioni, muda wa wiki sita hivi, akamaliza. Kampuni ya Cassell ya London ikaupenda mswada na kumpa hiari: achukue pauni 100 taslimu na hakimiliki iwe ya kampuni, au apate mrabaha wa asilimia 10 kwa kila nakala itakayouzwa. Haggard akachagua pauni 100. Mhariri akatoka kwenda kushughulikia mkataba, na mle chumbani akabaki karani aliyekuwa kimya pembeni muda wote. Karani akamwambia kwa sauti ya chini kwamba angekuwa yeye, angechukua ule mkataba mwingine. Mhariri aliporudi, Haggard akasema amebadili nia.

Kitabu kile, King Solomon's Mines, kiliuzwa nakala 31,000 katika miezi 12 ya kwanza, na hakijaacha kuchapwa tangu hapo. Ndicho hicho wazee wetu walichokisoma shuleni kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka 1929. Hebu fikiria kijana anayezipokea zile pauni 100, anazila mwaka mmoja, kisha anakaa dirishani kuangalia dunia nzima ikinunua kitabu chake.

Namheshimu sana yule karani. Hakuwa na faida yoyote katika jambo lile, tena alikuwa anakula mshahara wa kampuni. Wewe siku ile ofisini kwa mchapishaji hukuwa na mtu wa namna hiyo, basi barua hii na ikae mahali pake.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inakupa wewe mwandishi haki tangu kazi ilipoandikwa, maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Watoto wako na wajukuu wako wamo humo. Kwa hiyo rudi kwa mchapishaji kwa adabu umwombe mrabaha. Mwulize asilimia inahesabiwa kwenye bei ya dukani au kwenye pesa anayopokea yeye, maana tofauti yake ni kubwa. Iandikwe atachapa nakala ngapi toleo la kwanza, na kitabu kikiisha sokoni asipokichapa tena, haki irudi kwako. Haki ya tafsiri, ya filamu, na ya kusimuliwa kwa sauti au kuuzwa kwenye simu, usiziache zipite ndani ya neno “zote”. Siku hizi vijana wananunua simulizi sura kwa sura kwenye WhatsApp. Huenda pesa yako iko huko zaidi kuliko kwenye karatasi.

Edgar Rice Burroughs wa Marekani alilijua hili mapema. Alikuwa amehangaika na kazi nyingi, mpaka kusimamia wauzaji wa vichongeo vya penseli, ndipo akaanza kuandikia magazeti ya hadithi yaliyochapwa kwenye karatasi duni ya bei rahisi. Gazeti la The All-Story lilimlipa dola 700 kwa Tarzan, ikatoka Oktoba 1912. Hakuliachia gazeti kila kitu. Kitabu kikafuata mwaka 1914, filamu mwaka 1918. Mwaka 1923 akaifanya kazi yake kampuni, na mwaka 1931 akaanza kuchapa vitabu vyake mwenyewe. Kwetu hapa Ben Mtobwa, mwandishi aliyemuumba mpelelezi Joram Kiango, naye alisimamisha kampuni ya uchapishaji ya Heko, akachapa kazi zake na za wenzake. Sikushurutishi kufungua kampuni. Nataka ujue kwamba kazi yako ni shamba, na shamba halibadilishwi kwa mavuno ya msimu mmoja.

Lakini Burroughs huyohuyo hakuwahi kukanyaga Afrika, na ilionekana. Tarzan ilipotoka gazetini ilikuwa na chui milia, mnyama wa Asia, anatembea kwenye misitu yetu. Wasomaji wakalalamika, na kwenye kitabu ikabidi mnyama yule ageuzwe simba jike. Nakueleza hili kwa sababu ya sura yako ya saba.

Binti anapanda jahazi Kilwa Masoko mwezi Januari, anafika Unguja alfajiri, tanga limejaa upepo wa nyuma. Mpwa wangu, Januari ni kaskazi! Upepo unatoka huko anakokwenda. Jahazi litakwenda bisha, mara upande wa bara, mara upande wa bahari kuu, na kila likigeuka mabaharia wahamishe foromali gizani huku tanga likiwapiga nyuso. Usiku mmoja hautoshi hata kidogo. Waweza kuisogeza sura hadi Julai, kusi limsukume. Ningekuwa wewe ningeiacha Januari. Wanaomfukuza wana boti ya mashine, hawajali upepo. Yeye ana tanga tu. Hapo una siku kadhaa za hofu baharini badala ya ukurasa mmoja wa safari njema. Nenda Kilwa, kaa na manahodha, waulize maji ya kunywa hukaa wapi chomboni na nani hulala zamu ipi.

La mhadhiri wako anayesema riwaya pendwa ni za kupotezea wakati, nitalisema kwa ufupi. Muhammed Said Abdulla alikuwa bwana afya Zanzibar, kisha mhariri wa magazeti. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, ikachapwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, watu wote wako tayari kuamini ni kazi ya mizimu, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anaondoa ushirikina ule hatua kwa hatua mpaka abaki binadamu mwenye hatia. Hiyo ni fikra nzito, imo ndani ya hadithi ambayo huwezi kuiweka chini. Nakala ya riwaya ya Musiba, Kufa na Kupona, niliyoisoma mimi jalada lilikuwa limeshatoka, mwenyewe ameishona kwa uzi wa gunia, na aliniazima kwa sharti niirudishe Ijumaa kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Foleni ya wasomaji wa Kiswahili! Sijaona shahada inayoweza kuidharau.

Sura ya tatu na ya saba nimezirudisha pamoja na barua hii, nimeandika pembeni kwa penseli. Nyingine ziache zilivyo. Mkataba upige picha unitumie kabla ya Jumatatu, kurasa zote, hata zile za maandishi madogo. Kuhusu kodi, nimeongea na mama yako. Tutasaidiana, usiuze kitu.

Wasalaam,
Mjomba wako