Kompyuta ya zamani ya Kavimvira yatoa tena karatasi

UVIRA – Pale Kavimvira kuna sekretarieti ndogo ya mbao ambayo watu wa mtaa wanaijua kwa mlio wa kompyuta yake. Ni ya zamani, yenye mgongo mnene kama televisheni za wazee, na inatumia Windows XP, ile iliyotoka mwaka 2001. Vita vilipoingia mjini Desemba 2025 na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, mwenye sekretarieti naye alikimbia. Aliporudi, laptop haikuwepo, imprimanti haikuwepo. Kompyuta ya zamani ilikuwa palepale mezani. Nani angejisumbua kuibeba?

Lakini mali yenyewe ilikuwa ndani yake. Tangu mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, watu walikuwa wanaleta vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na buletini za watoto ili vipigwe picha na kutolewa nakala. Yeye hakufuta hata kimoja. Sasa wanaorudi mikono mitupu wanapita kuuliza: “Ndugu, karatasi zetu bado ziko?”

Mama mmoja wa Sange alifika na watoto watatu. Masomo walikopata nafasi wanataka kuona buletini, na zake zilibaki njiani. Kwenye kioo zilionekana zote. Kilichokosekana ni imprimanti.

Kijana alipata ya mtumba kutoka Bujumbura, HP LaserJet 1020. Mashine hiyo ilitoka mwaka 2005, basi XP haikuwa inaijua. Kurasa nyingi za intaneti za leo hazifunguki tena kwenye kompyuta hiyo, kwa hiyo alitafuta programu yake mahali pengine, ile ya XP hasa, akaileta kwa flashi. Halafu akakosea kama wengi wanavyokosea: alichomeka waya kwanza. Kompyuta ikaandika kwamba imeona kifaa isichokifahamu, na ikang’ang’ania hapo. Ilibidi aondoe yote, azime, awashe, aweke programu kwanza, na kuchomeka waya pale tu ilipomwomba.

Buletini ya kwanza ikatoka, nyeusi vizuri. Kisha umeme ukakatika.

Uliporudi, imprimanti haikusema kitu. Mama alikaa kwenye benchi, mtoto mdogo amelala mapajani. Kijana alifikiri imeungua. Kumbe aina hiyo haihifadhi programu yake ikizimwa. Kila ikiwashwa, kompyuta inapaswa kuitumia upya. Yeye alikuwa amewasha vyote kwa pamoja, na kompyuta ile inachukua muda mrefu kuamka. Alizima imprimanti, akangoja kompyuta itulie kabisa, akaiwasha tena. Ikanguruma, magurudumu yakazunguka.

Buletini mbili zilizobaki zikatoka. Mama alizisoma jina kwa jina, polepole, akaziweka ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga fundo mara mbili.

“Ni ngapi, mwanangu?”

“Lipa karatasi tu, mama.”

Jioni hiyo kijana alianza kunakili diski yote kwenye flashi mbili. Moja itabaki kwake. Nyingine atampa dada yake anayekaa Kalundu.