Tuchague Vema Kivuko cha Sahani

Kazi ndogo ikifanywa bila kufikiri yaweza kuharibu kazi kubwa iliyoitangulia. Leo twataka kuongea juu ya kazi ndogo ya namna hiyo: kuchagua mahali pa kuvukia katika sahani ya DVD yenye matabaka mawili. Watu wengi wanaochoma filamu za arusi na za sikukuu hawajasikia habari yake. Wanabonyeza kitufe, wanangoja, wanatoa sahani, basi.

Sahani hiyo ni kitu gani? DVD ya kawaida ina tabaka moja, nayo hubeba baiti bilioni 4.7. Tangu mwaka 2004 kuna pia sahani za kuchoma zenye matabaka mawili, ziitwazo DVD+R DL. Hizo hubeba baiti bilioni 8.5. Kwa nje hazina tofauti kubwa: upana ni ule ule wa sentimita 12, na unene ni ule ule wa milimita 1.2. Lakini ndani matabaka mawili yamelala moja juu ya jingine, na nafasi iliyo kati yao ni nyembamba sana, kama sehemu ya ishirini ya milimita moja. Mwali wa leza husoma tabaka la kwanza kutoka katikati ya sahani mpaka karibu na ukingo. Halafu hupenya tabaka hilo, hulenga upya juu ya tabaka la pili, na kurudi kuelekea katikati.

Pale mwali unapoacha tabaka la kwanza na kushika la pili, ndipo sisi tunapopaita kivuko. Mashine nyingine ina akiba ya kutosha ya picha, huvuka bila mtu kutambua. Nyingine husita: picha inasimama, sauti inakatika, kisha filamu inaendelea. Nasi hatujui sahani yetu itachezwa katika mashine ya nani. Kivuko chenyewe hakiondoleki. Uwezo wetu ni mmoja tu, kuchagua kiwe wapi. Tusipochagua sisi, programu itatuchagulia, nayo haina masikio.

Tuliliona jambo hili katika jamaa yetu wenyewe. Tuliletewa filamu ya arusi iliyochomwa na karakana moja ya mjini. Picha zilikuwa safi, nyimbo zilisikika vizuri. Babu akasimama kumpa bibi arusi maneno ya kumuaga. Akasema, «Mwanangu, huko unakokwenda…» Hapo picha ikaganda, na neno lililofuata likamezwa. Mwaka uliofuata mzee yule akafariki. Kila mara filamu ilipofika pale watoto walicheka, na nyanya aliinamisha kichwa.

Sahani ya namna hiyo huchomwa mara moja tu. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini maneno ya mzee hayakuwa yamepotea. Yalikuwamo yote ndani ya sahani. Mashine ndiyo iliyosita. Basi tuliinakili filamu katika kompyuta, tukatafuta kivuko kingine, tukachoma sahani mpya. Siku hiyo tulimsikia babu akimaliza maneno yake.

Tulitafuta namna gani? Kuna sheria tatu ambazo hatuwezi kuzipita.

Kwanza, data za sahani zimegawanywa katika vipande viitwavyo sekta, kila kimoja cha baiti 2,048. Sahani ya DVD+R DL ina sekta 4,173,824, yaani 2,086,912 katika kila tabaka. Kivuko hakiwezi kupita namba hiyo ya pili. Pili, sehemu ya filamu iliyo katika tabaka la pili isiwe kubwa kuliko ile ya tabaka la kwanza, kwa sababu mwali unaorudi hauna njia ndefu kuliko ile uliyokwenda. Kwa hiyo kivuko kisiwe mbele ya nusu ya filamu. Tatu, kiwe mwanzoni mwa seli, yaani kipande cha filamu kinachotambuliwa na mashine, kama pale sura mpya inapoanza. Tena namba ya sekta yake lazima igawanyike kwa 16 bila kubaki kitu.

Tutoe mfano. Filamu ya dakika 150 inachukua sekta 3,600,000, na data zake zimeenea sawasawa, sekta 24,000 kwa kila dakika. Nusu yake ni dakika ya 75. Mpaka wa tabaka la kwanza utafikiwa karibu na dakika ya 87. Basi tuna dakika 12 za kuchagua ndani yake. Lakini filamu ya dakika 170 ya namna ile ile ina nusu yake katika dakika ya 85, na mpaka ni ule ule wa 87. Zimebaki dakika 2 tu! Tunaona basi kwamba anayejaza sahani pomoni amejinyima uhuru wa kuchagua. Afadhali kuacha nafasi kidogo.

Ndani ya dakika hizo tutafute nini? Tutafute mahali ambapo filamu yenyewe inapumzika: picha inaingia gizani, watu wanatoka nyumba moja kwenda nyingine, wimbo umekwisha na hotuba haijaanza. Tusikilize kwa masikio mbele ya kutazama kwa macho. Picha ikisimama juu ya mlima au ukuta, watu hawataona. Wimbo ukikatwa katikati, hata mtoto atageuka. Programu kama ImgBurn huonyesha orodha ya mahali panapokubaliwa na sheria, lakini haijui kama hapo mzee anasema au amenyamaza. Kujua hilo ni kazi yetu.

Wengine watauliza: na kama hakuna mahali pazuri? Basi tupatengeneze. Wakati wa kuunganisha filamu, mbele ya kuchoma, tuweke kibao cha maandishi kati ya sehemu mbili, kwa mfano kati ya kutoka nyumbani na karamu, na sura mpya ianzie hapo. Lakini kwa sahani ya kuhifadhi picha za kawaida au vitabu vya hesabu tusijisumbue: humo hakuna wimbo wa kukatika.

Desturi hii si ngeni kwetu. Sahani za zamani za mizunguko 78 zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, na mpiga gitaa alipaswa kumaliza wimbo wake ndani ya dakika hizo. Katika miaka ya 1970 nyimbo ndefu za Kinshasa zilitolewa katika sahani ndogo za mizunguko 45, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Mtu aliinuka, akageuza sahani, na dansi likaendelea. Wachezaji hawakukasirika wimbo ulipokatwa pale unapovuta pumzi.

Basi, ninyi mnaochoma filamu za watu, msione uchovu kutafuta mahali pamoja patulivu. Anayewaletea arusi yake au matanga ya baba yake hajui habari za sekta wala za matabaka. Anajua sauti anayotaka kuisikia tena. Sikilizeni kwanza dakika zile chache, kisha ndipo mbonyeze kitufe.