Mienge ya Mkono wa Kushoto

Wazazi wenzetu wametuuliza mara kadhaa, wengine kwa sauti ya kutushangaa, watoto wetu wanatafuta nini ndani ya ule mchezo wa kuchimba miamba. Jibu la haraka ni kwamba wanatafuta almasi. Lakini baada ya kukaa nyuma yao jioni nyingi, tukikitazama kioo cha kishikwambi juu ya mabega yao, tumeona kwamba almasi ni sehemu ndogo ya shughuli ile. Muda wao mwingi huishia katika kutafuta njia ya kurudi nyumbani.

Kwetu mchezo huo una saa zake: siku za mapumziko, baada ya Alasiri, na hukatwa na adhana ya Magharibi bila mjadala. Hatuandiki haya kuwashawishi wale walioamua kutouingiza kabisa majumbani mwao. Kila nyumba ina walezi wake. Tunaandika kwa sababu mwaka huu tuliona ndani ya mchezo huo jambo la watoto wetu wawili ambalo tusingeliona kwenye madaftari yao.

Mchezo wenyewe unaitwa Minecraft. Aliyeuanzisha ni Msweden, Markus Persson, mwaka 2009. Toleo lake kamili lilitoka Novemba 2011, na mwaka 2014 kampuni iliyoutengeneza ikanunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 2.5. Dunia yake imejengwa kwa matofali: udongo ni tofali, jiwe ni tofali, mti nao ni matofali yaliyopandana. Mchezaji huanza mikono mitupu. Hukata mti, hutengeneza sururu ya mbao, kisha ya mawe, kisha ya chuma, na ni kwa hiyo ya chuma ndipo anapoweza kuing'oa almasi. Nayo almasi iko chini. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo inavyozidi kupatikana, na njia ya kushukia ni mapango.

Mapango hayo hayakuwa makubwa hivi tangu mwanzo. Tarehe 30 Novemba 2021 watengenezaji waliichimba dunia yao upya: sakafu iliyokuwa kwenye kimo cha sifuri ikashushwa hadi 64 chini ya sifuri, na upeo wa juu ukapandishwa hadi 320. Mapango nayo yakatanuka. Watengenezaji wenyewe wameyapa majina ya vyakula. Yapo ya jibini, yaani kumbi kubwa kama matundu ya jibini, nyingine zenye nafasi ya kuingia msikiti pamoja na mnara wake. Yapo ya tambi, marefu, yenye kupindapinda. Yapo pia ya tambi nyembamba zaidi, ambamo mtu hupenya kwa taabu. Aina hizi tatu hukutana, hupishana juu na chini, na kutobokeana. Mtu akitoka kwenye tambi na kuingia ukumbini, kisha ageuke nyuma baada ya hatua 20, huona matundu matano yanayofanana na asijue ametokea lipi.

Kijana wetu mkubwa alikuwa na kanuni moja kwa hali hiyo: wakati wa kuingia, mwenge huwekwa mkono wa kushoto. Kanuni hiyo hakuibuni yeye. Wachezaji wa nchi nyingi wanaijua. Ni ukuta wa kushoto peke yake, kila baada ya hatua kumi hivi. Wakati wa kurudi mienge yote inakuwa kuliani. Ukiiona kushotoni, basi bado unaingia, hata kama moyo unakuapia kwamba unatoka. Tuliipenda kanuni hiyo tangu alipotueleza. Haidai akili nyingi wala kumbukumbu. Inadai uaminifu tu, maana mwenge mmoja uliobandikwa kulia kwa haraka, mtu akiwa anakimbizwa na buibui, huharibu ushahidi wa mienge mia moja.

Mwenge una kazi ya pili. Mwanga wake una nguvu ya 14 na hupungua kwa 1 kwa kila tofali, ilhali mazimwi ya pangoni huzaliwa penye giza kamili tu. Kwa hiyo njia iliyowashwa vizuri ni njia salama. Kipande kimoja cha makaa ya mawe na kijiti kimoja hutoa mienge minne, wala si gharama; hata hivyo kijana wetu hakushuka kamwe akiwa na mienge pungufu ya 64.

Dira aliidharau, na sababu yake tuliiona kuwa ya haki. Dira ya mchezo huu haionyeshi kaskazini. Huonyesha mahali mchezaji alipoanzia siku ya kwanza, hata kama amekwisha kuhama zamani na kujenga kwingine, tena haisemi lolote kuhusu juu na chini. Zipo pia tarakimu tatu zinazoweza kuwekwa pembeni mwa kioo, moja ya mashariki na magharibi, moja ya kimo, moja ya kusini na kaskazini. Hizo alizizima. Alisema anayetazama tarakimu halitazami pango.

Wako wanaoshauri kwamba mtu ashike ukuta mmoja asiuachie mpaka atoke. Shauri hilo hufaa penye kuta zilizoungana. Katika ukumbi wenye nguzo za mawe, mtu anaweza kuizunguka nguzo moja mpaka usiku uingie. Mfaransa mmoja wa karne ya 19, Trémaux, alitoa njia iliyo bora: kila ujia unaopita utie alama, ukiupita tena utie ya pili, na ujia wenye alama mbili usiingie tena. Mtu wa namna hiyo atachelewa, lakini hatapotea. Tulimsomea kijana maelezo hayo likizo ya Desemba, naye akasema ni kazi ya watu wasio na haraka. Mdogo wake, binti wa miaka tisa, alikuwa amekaa pembeni akisikiliza.

Sisi tunaishi Tanga, kwa hiyo mapango ya kweli hayako mbali nasi. Amboni ni mwendo mfupi kutoka mjini, na tumewahi kuwapeleka watoto. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yenye giza zito. Mwongozaji hutangulia na tochi, na hakuna anayeruhusiwa kubaki nyuma. Wazee husimulia kwamba njia za huko hufika Mombasa, ingawa waliopima hawakuona pango la urefu hata wa kilomita moja. Binti alimuuliza mwongozaji anaijuaje njia bila alama yoyote ukutani. Akajibiwa, "Nimezoea, mwanangu." Jibu hilo halikumtosha, tulimwona akizigusagusa kuta.

Katika dunia yao ya matofali, mwongozaji alikuwa kaka. Yeye alichezea simu ya mmoja wetu, binti alishika kishikwambi, na kwa miaka mitatu binti alifuata mgongo wa kaka yake popote aliposhuka. Alizoea mgongo ule. Mapango hakuyajua.

Januari kijana alianza kidato cha kwanza katika shule ya bweni, mbali na Tanga, ambako simu haziruhusiwi kwa wanafunzi. Usiku wa mwisho, kati ya kupanga sanduku la bati na kutafuta soksi nyeupe, alimwambia mdogo wake kwamba chini kabisa ya pango kubwa, karibu na ziwa la lava, ameacha sanduku lenye almasi, nazo ni zake akiweza kuzifikia. Alikusudia kumpeleka mara moja ili aione njia. Muda haukupatikana, basi likaondoka alfajiri.

Kwa wiki mbili binti hakukigusa kishikwambi. Tulidhani amechoshwa na mchezo, na hatukusikitika. Jumamosi ya tatu alikichukua, akachonga mienge, akajaza ndoo ya maji ya kujikinga na lava, akashuka peke yake.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, mienge ya kaka ikiwa kushoto, kushoto, kushoto. Akapita ukumbi wa kwanza, akaingia tambi ndefu, akashuka maporomoko ya maji. Kisha akafika mahali ambapo mienge ilikuwa pande zote mbili za ukuta. Akaenda mbele, akakuta njia panda, na njia zote tatu zina mienge. Akachagua moja, ikamrudisha palepale. Akachagua nyingine, ikamfikisha kwenye ukuta wa changarawe. Aliporudi hakuweza tena kuyaona maporomoko ya maji.

Ndipo alipotambua, na alilisema kwa sauti bila kugeuka: kaka alipita hapa kabla hajaijua kanuni yake. Sehemu ile ilikuwa kazi ya mtoto wa miaka kumi aliyekuwa akibandika mienge popote palipomtisha.

Mmoja wetu alitaka kumwonyesha njia isiyoshindwa: kuchimba ngazi ya mshazari kwenda juu mpaka mbingu ionekane. Hutoka mtu yeyote, mradi asichimbe wima juu ya kichwa chake, maana changarawe, maji au lava vinaweza kumwangukia. Kabla neno halijatoka, binti alilisema mwenyewe. "Nikichimba nitatoka. Lakini sitajua tena kaka alipita wapi." Tulitazamana, tukanyamaza.

Machozi yalikuwa karibu, hilo lilionekana kwenye mabega. Wapo watakaosema ni ujinga kumwacha mtoto alie kwa ajili ya matofali ya kioo. Sisi hatukuyaona kuwa ni machozi ya matofali. Tangu basi lile liondoke hakuwa amelia hata mara moja, na tulikuwa tumeanza kuwa na wasiwasi naye. Kama angekufa mle, angezinduka kitandani pake juu, na vyote alivyobeba vingebaki chini vikingoja; mchezaji akiwa karibu navyo kwa dakika 5 pasipo kuviokota, hutoweka. Hasara hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ni kwamba asingekuwa na yeyote wa kumuuliza mpaka Juni.

Adhana ya Magharibi ikaanza. Alijizungushia ukuta wa mawe pande zote, akabandika mwenge mmoja ndani, akaifunga dunia yake na kwenda kutia udhu. Wakati wa chakula hakusema kitu. Baadaye tulimkuta na daftari la hesabu, ukurasa wa nyuma, amechora mistari inayogawanyika.

Kesho yake alianza upya kwa namna ambayo kaka yake asingekuwa na subira nayo. Alikuwa na sufu nyekundu mkobani. Kila ujia aliouingia aliweka tofali moja la sufu mlangoni, na kila aliporudi kwa ujia huo aliweka la pili juu yake. Penye mawili hakuingia tena. Alipaziba kwa mawe na kuing'oa mienge ya kaka, moja baada ya moja, akaitia mkobani. Alipong'oa wa kwanza alisita kidogo. Kazi hiyo ilichukua jioni tatu, na kusema kweli haikuwa ya kupendeza kuitazama. Mmoja wetu alisinzia. Jioni ya tatu ujia mmoja mwembamba uliobaki ulimtoa kwenye ukumbi mpana, na kule mbele, upande wa kushoto, kukawa na mwenge mmoja. Hatua kumi mbele, kushoto, mwingine.

Sanduku lilikuwa juu ya mwamba, hatua chache kutoka kwenye lava. Ndani mlikuwa na almasi 14 na mienge 128. Hapakuwa na maandishi yoyote. Binti aliitazama ile mienge kwa muda mrefu kuliko almasi. Kaka yake alikuwa ameihesabu njia ya kurudi.

Alirudi mienge ikiwa kuliani, na alipofika penye ile vurugu ya zamani alibandika mipya, ukuta mmoja, mpaka maporomoko ya maji.

Siku ya kuwatembelea wanafunzi ilipofika, Machi, walikaa chini ya mwembe wa shule na jambo la kwanza alilomwambia kaka yake ni kwamba mienge yake ya zamani ni ya uongo. Kijana alicheka, kisha akabisha. Akadai hakuwahi kuweka mwenge kulia maishani mwake. Binti akalifungua daftari la hesabu. Waliinama juu ya mchoro ule mpaka wali ukapoa, yeye akionyesha kwa kidole, kaka akiuliza, "Na hapa? Na huku kunatokea wapi?" Alikuwa anauliza kwa kweli. Sehemu nyingine hakuzikumbuka, nyingine hakuwa amezifika.

Kuhusu almasi, alimwambia ametumia tatu kutengeneza sururu. Zilizobaki 11 ziko katika sanduku la nyumba yao ya juu, baina ya vitanda viwili, na cha kaka hajakiondoa.